Majina na Vitenzi katika Historia ya Kuwatayarisha Vijana Wenye Ulemavu kwa Kazi

Katika muda wa miaka sabini hivi, kijana asiyeona, au asiyesikia, au aliyepooza miguu, amepewa majina manne na nyaraka za Kiswahili: kilema, asiyejiweza, mlemavu, na sasa mtu mwenye ulemavu. Habari za mabadiliko haya zimeandikwa mara nyingi, na wako wanaoyachukua kuwa ndiyo historia yenyewe, kana kwamba kila jina lilipotoka, jambo lililoitwa kwa jina hilo nalo lilitoka. Makala haya yanashika njia nyingine. Nataka kuonyesha kwamba jina limebadilika na kitenzi kikabaki, na kwamba tukivitazama vitenzi twaweza kuelewa kwa nini vijana wengi waliofunzwa kazi hawakuipata kazi. Mifano yangu ni ya Tanzania Bara zaidi. Kenya na Uganda nimeziingia pale ambapo historia yao na yetu ni moja, nayo Uingereza kwa sababu sheria yetu ya kwanza yafanana mno na yake.

Hata hivyo hatuwezi kuyapita majina bila kuyasema neno, maana yana mambo yake. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, kilema: yote ni ya ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliyaweka maneno haya katika fungu moja, akaeleza kwamba ni majina ya watu wenye kasoro za mwili na kwamba hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kwa nini Waswahili walimweka kipofu pamoja na kiti na kisu, na kila mwaka napata jibu lile lile: kwa sababu walimdharau. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini ni la haraka. Katika ngeli hiyo hiyo wamo kijana na kiongozi, wamo kinyozi na kiranja, na yumo kibarua, ambaye jina lake limetokana na kile cheti alichoandikiwa kazi ya siku. Hatusemi kwamba kiongozi amefanywa kitu.

Neno lenye kutufundisha zaidi ni kilema, kwa kuwa lilibeba ila na mwenye ila kwa pamoja. Mtu aliweza kuwa na kilema, na aliweza kuwa kilema. Jina halikumtenga mtu na mguu wake. Lakini tazama kitenzi kilifanya nini: kilema chake *kimezidi*, ikiwa ni mguu, kilema yule *amezidi* kunijia, ikiwa ni mtu. Kiambishi kile kidogo cha mwanzo wa kitenzi ndicho kilichomtambua binadamu pale jina liliposhindwa kumtambua. Kwa hiyo anayeisoma lugha hii kwa makini hana budi kuzoea kuulizia kitenzi kwanza, na desturi hiyo ndiyo nitakayoifuata hadi mwisho.

Mlemavu ni neno la hivi karibuni kuliko kilema. Limetokana na kitenzi lemaa kwa kuongezwa -vu, kama mtulivu atokavyo katika tulia na mpotevu katika potea. Hapana shaka kwamba kuingia katika ngeli ya M-WA kulikuwa heshima. Ila hali ya mtu bado ndiyo iliyokuwa jina lake lote, nayo kauli mtu mwenye ulemavu ilibuniwa ili hali hiyo iwe kitu alicho nacho tu, kama awezavyo kuwa na nyumba au deni. Jambo la kupendeza ni kwamba wenyewe hawakukubaliana. Chama cha wasioona cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1964, huitwa kwa Kiswahili Chama cha Wasioona; neno kipofu wamelikataa. Chama cha wasiosikia, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimejiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na hadi leo wanachama wake hawaoni haya kuitwa viziwi. Wanachokichukia ni kuitwa mabubu. Ukiwauliza, watakuambia kwamba wanayo lugha, ila haitamkwi kwa kinywa. Yeyote atakaye kutunga kanuni moja ya majina ya heshima kwa watu hawa wote afikiri kwanza juu ya vyama hivi viwili.

Sasa niingie katika kazi. Kabla hakijawako chuo chochote cha ufundi, kazi katika miji ya pwani ilijifunzwa mlangoni pa fundi. Mwanafunzi, ambaye siku hizi twamfikiria na daftari lake darasani, katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado ni pia yule kijana anayejifunza kazi kwa bwana wa kazi. Fundi, funza, fundisha, mafunzo, ufundi ni maneno ya ukoo mmoja, wala hayakutenganisha mahali pa kujifunza na mahali pa kufanya. Kijana alishika randa siku ya kwanza, akaiharibu mbao, akatukanwa, akaishika tena. Siku alipojua kazi alikuwa tayari kazini, na wateja wamekwisha kumjua kwa sura. Katika sentensi ya namna hiyo watendaji walikuwa wawili: fundi alifunza, mwanafunzi alijifunza, na ukimwondoa mmoja sentensi haikamiliki.

Je, kijana mwenye ulemavu alikuwamo? Mara nyingine alikuwamo. Katika chuo cha Kurani mtoto asiyeona alikaa pamoja na wenzake, kwa kuwa kuhifadhi kwa moyo hakukutaka macho, na hafidhi asiyeona ni mtu ajulikanaye tangu kale katika nchi za Kiislamu, pwani yetu ikiwamo. Kusuka ukili ni kazi ya vidole. Kushona kofia hakutaki miguu, wala kufua chuma hakutaki masikio. Lakini nisije nikaipamba zamani kuliko ilivyokuwa. Fundi alimpokea mtoto wa ndugu au wa jirani kwa hiari yake, na aliyekataliwa hakuwa na pa kushtaki. Njia yake ikawa ni kukaa ndani au kukaa mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Hujafa hujaumbika, walisema wazee, wakikataza kumcheka mtu kwa maumbile yake. Methali hiyo yakataza kucheka. Juu ya kumpa mtu kazi imenyamaza.

Mafunzo yenye jengo na mwalimu wa mshahara yalikuja na wamisionari na vyama vya hisani baada ya vita vya pili vya dunia. Jeshi la Wokovu lilianza kazi yake kwa wasioona pale Thika mwaka 1946. Mwaka 1948 ilichapwa taarifa juu ya upofu katika makoloni ya Uingereza ya Afrika na Mashariki ya Kati, iliyotokana na safari za John Wilson, Mwingereza ambaye mwenyewe alipoteza macho akiwa mvulana wa miaka 12 kwa ajali ya darasa la kemia. Mwaka 1950 Wilson alianzisha chama cha wasioona cha dola ya Uingereza, na mwaka huo huo Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya Buigiri karibu na Dodoma. Machakos ilipata chuo cha ufundi cha wasioona mwaka 1958. Shule ya viziwi ya Tabora, ya kwanza katika Tanganyika, ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963.

Katika fikira za Wilson mna jambo moja ambalo lafaa kukumbukwa, kwa maana halikukaa sana. Aliona kwamba wengi wa wasioona wa Afrika ni watu wa shamba, na kwamba kumpeleka kijana mjini akafundishwe kusuka viti ni kumtoa mahali ambapo kazi ipo na kumpeleka mahali ambapo haipo. Ndipo vikaanzishwa vituo vya kufundishia kilimo kwa wasioona, kama kile cha Salama nchini Uganda, na kwetu Masiwani, Tanga. Neno lenyewe *shamba* liliingia hata katika majina ya Kiingereza ya vituo hivyo. Kijana alifundishwa kupima mistari kwa kamba, kupalilia kwa kupapasa shina, na kutambua magugu kwa mkono, kisha arudi kwao alikozaliwa, ambako alikuwa na ardhi, jamaa na jina. Kati ya mipango yote niliyoisoma huu ndio uliokaribia zaidi ule mlango wa fundi, kwa sababu ulijua tangu mwanzo kijana atafanya kazi wapi na pamoja na nani. Vyuo vilivyofuata vilipendelea useremala, ushonaji na kazi za ngozi, vikiwa na swali la wapi mbele yao, bila jibu.

Tutoke kidogo nje ya nchi zetu. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vyaendelea na majeruhi wakirudi kwa maelfu, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaajiri watu wenye ulemavu. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi alitakiwa aajiri fungu maalumu, na fungu hilo likawekwa kuwa asilimia 3. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kingine kilichoruhusu kazi fulani ziwekwe akiba kwa ajili ya watu hao peke yao, na mwaka 1946 zikatajwa kazi mbili: kuendesha lifti, na kulinda magari mahali pa kuegesha. Msomaji azitazame kazi hizi mbili. Hakuna hata moja ambayo mtu hupanda cheo ndani yake. Wazo la kazi inayowafaa, ambalo nchini Uingereza lilileta lifti, kwetu lilileta viti vya kusuka na baadaye meza ya kupokelea simu kwa wasioona. Nasi tusiidharau meza ya simu, maana imewalea watu na watoto wao, ila ilikuwa moja tu katika kila ofisi, na mashine zilipoanza kupokea simu zenyewe iliondoka bila ya kuacha mrithi.

Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Pendekezo lake Na. 99 la mwaka 1955, lilieleza kazi hii kuwa ni mfululizo mmoja: kijana aongozwe katika kuchagua kazi, afunzwe, kisha awekwe kazini kwa uchaguzi mzuri, ili aipate kazi na adumu nayo. Nchi zetu zilichukua kipande cha katikati. Mafunzo yalipata majengo na bajeti. Kuongoza na kuweka kazini havikupata hata jina moja la Kiswahili lililokubaliwa na wote. Mimi nalihesabu jambo hili kuwa ushahidi, kwa kuwa katika kipindi hicho hicho Kiswahili kilipata maneno ya kila idara ya serikali, na ukosefu wa neno hapa haukutokana na ugumu wa kulitunga.

Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na neno kuu la nchi likawa kujitegemea. Azimio lilisema kwamba katika nchi ya ujamaa kamili kila mtu ni mfanyakazi, kisha likawataja wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao Dola yenyewe kwa wakati ule haikuweza kuwapatia njia ya riziki. Nia ilikuwa njema, na aliyeona maisha ya watu hawa kabla ya hapo hawezi kuilaumu. Lakini tuusome mpangilio. Asiye na kazi kwa kukosa nafasi amewekwa peke yake, na kukosa kwake kumeandikwa katika hesabu ya Dola. Kilema amewekwa karibu na mtoto na mzee. Kutofanya kazi kwake kumeandikwa katika hesabu ya mwili wake. Katika nchi iliyomheshimu mtu kwa kujitegemea, yeye alipewa ruhusa ya kutojitegemea, na ruhusa hiyo ilikuwa nzito kuibeba. Neno asiyejiweza, lililotumika juu ya wazee wasio na jamaa, likamfikia upesi. Hata kisarufi neno hili ni la ajabu: ni kishazi kizima kilichofanywa jina, chenye ukanusho, chenye -ji- ya kujirejea, na chenye kitenzi weza kisichosema ni jambo gani lisilowezekana. Kijana aliyeshindwa kupanda ngazi aliitwa aliyeshindwa nafsi yake.

Hata hivyo vyuo vilijengwa, na serikali iliyotoa Azimio ndiyo iliyovijenga. Yombo, Dar es Salaam, ilianza katika miaka ya 1970. Luanzari mkoani Tabora na Mtapika huko Mtwara ni miongoni mwa vingine. Katika jina rasmi la Yombo mna neno linalotuhusu, nalo ni marekebisho. Kurekebisha ni kukitengeneza kitu kilichoharibika au kilichokwenda upande, na twarekebisha saa, makosa ya chapa, na tabia za wahalifu. Neno mafunzo nalo halikusalimika. Zanzibar, gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na mgeni kutoka Bara asomapo kibao hicho mara ya kwanza hudhani amefika shuleni. Haya mawili, marekebisho na mafunzo, yakikutana juu ya lango moja, kijana apitaye chini yake amekwisha kuambiwa kwamba kilicho kombo ni yeye. Wizara inayoshughulika na afya siku hizi inalo neno jingine, utengamao, la jamii moja na tengemaa, yaani kutulia na kukaa sawa. Napenda neno hili zaidi, kwa sababu nyingine kuliko adabu: kitenzi tengemaa hakihitaji mrekebishaji. Nyumba hutengemaa, mambo hutengemaa, na mtu akipata kazi na rafiki hutengemaa mahali alipo.

Baadhi ya vyuo hivyo vilisimama kwa miaka mingi, vikaja kufufuliwa. Sababu za kusimama ni zile za vyuo vyote, fedha na walimu. Lakini ipo nyingine ambayo haikutengenezwa kwa fedha. Kijana alitoka Newala au Bukoba, akafunzwa ushonaji kwa cherehani ya chuo, akarudi kwao bila cherehani, mahali ambapo hapana fundi aliyemjua na hapana mteja aliyeshona kwake. Cheti chake kilisema amefunzwa. Katika kauli ya kutendwa si lazima kumtaja mtendaji, na cheti hakikumtaja.

Sheria zilikuja mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya ule ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Walemavu. Zilikuwa mbili, Na. 2 ya ajira na Na. 3 ya matunzo, na zilitenganishwa kwa namna ambayo Azimio lingeifurahia: anayeweza kazi aajiriwe, asiyeweza atunzwe na jamaa zake na serikali ya mahali. Ile ya ajira ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aajiri asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ilizifuta zote mbili, ikashusha kiwango hadi wafanyakazi 20 na kupandisha fungu hadi asilimia 3. Ni zile zile tarakimu za Uingereza ya 1944, ambazo Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuziacha kwa sheria yao ya mwaka 1995 baada ya kuona kwamba waajiri wengi hawakuzifuata.

Nasema haya bila kuibeza sheria. Kwa mtu wa sarufi, kifungu hicho cha 2010 ni cha thamani, maana ndani yake mwajiri ni mtendaji: mwajiri *ataajiri*. Linganisha na sheria ya Kenya ya mwaka 2003. Hiyo ilitaja asilimia 5, fungu kubwa kuliko letu, lakini aliyepewa wajibu ndani yake lilikuwa Baraza la Taifa la watu wenye ulemavu, ambalo lilitakiwa lijitahidi kuhakikisha kwamba nafasi hizo zinatengwa. Na nafasi zenyewe zilikuwa za vibarua, za dharura na za mkataba. Kibarua, ndugu yake kipofu katika ngeli, hapa ameletwa kuwa ndugu yake katika maisha. Sheria mpya ya Kenya ya mwaka 2025 ilipoifuta hiyo ya 2003, mwajiri akatajwa waziwazi.

Lakini sheria zetu za 1982 na 2010 ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka 40 sentensi ile moja ambayo mwajiri alikuwa mtendaji wake ilikaa katika lugha ambayo kijana wa Yombo hakuisoma vizuri, na kijana asiyeona hakuisoma kabisa isipokuwa mtu ameiandika kwa nukta nundu. Kile kilichomfikia kwa Kiswahili, katika hotuba na matangazo, kilikuwa kwamba walemavu wasaidiwe, wathaminiwe, wasifichwe, wapewe nafasi. Vitenzi hivi vyote ni vizuri, na vyote ni vya kutendwa.

Habari za viziwi zataka aya yao, kwa kuwa kwao lugha na kazi ni jambo moja. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na ishara ziachwe. Uamuzi huo ulisafiri na wamisionari, ukakaa katika shule zetu kwa muda mrefu. Watoto walizungumza kwa alama mabwenini na kukaa kimya darasani. Na kwa kuwa kila shule ilikuwa na bweni lake, alama zikakua mbalimbali kwa kila shule. Fikiri sasa juu ya karakana. Msumeno unalia, mwalimu ameinama juu ya mbao, midomo yake haionekani. Kijana asiyesikia ana swali moja, kwa nini patasi igeuzwe upande huu, na hana njia ya kuliuliza. Atajifunza kwa kuiga, naye ataiga vizuri sana. Lakini anayeiga bila kuuliza hubaki msaidizi. Waajiri wengi husema kwamba viziwi ni wafanyakazi hodari wasiofaa kuwa wasimamizi. Sifa na hukumu hiyo zimetoka chungu kimoja.

Kazi ya CHAVITA, na baadaye Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyotungwa na Henry Muzale na kutolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ziliweka msingi. Kenya ilikwenda mbele zaidi: katiba yake ya mwaka 2010 imelitaka taifa likuze lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu, na imeifanya lugha hiyo ya ishara kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Bungeni ni mahali pa heshima. Kijana ninayemsema yuko gereji.

Katika miaka ya karibuni kimetokea kitenzi kipya, nacho ni kujiajiri. Kimesifiwa sana. Marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 2018 yaliitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nimeona watu waliofaidika nayo, na sitaki kuyapuuza maisha yao kwa ajili ya kiambishi. Lakini kiambishi kipo. Ni ile -ji- ya asiyejiweza na ya kujitegemea, imerudi mara ya tatu, na kila irudipo humrudishia kijana mzigo mzima. Alipokuwa katika kauli ya kutendwa, mtendaji hakutajwa; sasa yuko katika kauli ya kujirejea, na mtendaji ni yeye mwenyewe. Katika safari hii yote, toka *kufunzwa* hadi *kujiajiri*, tumeruka kitenzi kifupi *kuajiri*, ambacho mtendaji wake ni mtu mwingine, mwenye duka, kiwanda au ofisi, na mtendwa wake ni kijana huyu.

Msomaji anayedhani naikuza hoja achukue tangazo lolote la nafasi za kazi za serikali ya Tanzania la miaka hii. Katika masharti ya jumla atakuta sharti linalosema kwamba waombaji wenye ulemavu wanahamasishwa kutuma maombi, na wanatakiwa kuuainisha ulemavu wao katika mfumo wa kuombea kazi. *Wanahamasishwa*, na nani? *Wanatakiwa*, na nani? Wajibu unaoonekana katika sentensi ni wa mwombaji: atume, aainishe. Sharti halisemi kwamba mahali pa usaili patakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, au karatasi ya nukta nundu, au mlango unaopitika kwa kiti cha magurudumu. Huenda vitu hivyo vikawapo siku ya usaili, na mara nyingine huwapo. Lakini kijana anayesoma tangazo akiwa Kondoa anahesabu nauli yake kwa maneno aliyoyaona. Kuliandika upya sharti hilo ni kazi ya nusu siku kwa mtu yeyote aijuaye lugha hii.

Kazi nyingine ni ndefu zaidi, na yatuhusu sisi wa taasisi za Kiswahili. Kamusi za alama tulizo nazo zina maneno ya nyumbani, ya shule, ya dini na ya serikali. Maneno ya karakana ni machache: randa, patasi, tupa, bisibisi, msasa, pindo, lisani, kulehemu. Mafundi viziwi wa Dar es Salaam, Tabora na Mwanza wanazo alama zao za vitu hivi, kwa kuwa watu wafanyao kazi pamoja hawakosi lugha ya kazi; ila alama hizo ziko mikononi mwao, hazijakusanywa, na mwalimu mpya wa chuo hana pa kuzipata. Wa kuzikusanya ni mafundi wenyewe, pamoja na mtu wa kamera na mtu wa kuandika, wakianza na kiwanda kimoja cha samani.